Kwikishifta haibadilishi gia

Wiki iliyopita, nikiwa gereji nikisubiri tairi langu lizibwe pancha, nilimsikia kijana akimweleza mwenzake kwamba akishafunga kwikishifta kwenye Yamaha R6 yake ya 2008, pikipiki itakuwa otomatiki na gia zitajibadilisha zenyewe. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kwa kuwa watu hutoa fedha nyingi wakiiamini, naona inafaa neno hili lielezwe.

Kwikishifta ni kifaa kinachokata moto wa plagi, au mafuta ya injekta, kwa muda mfupi sana, aghalabu kati ya milisekunde 50 na 80, mara tu mguu unaposukuma kanyagio la gia, ili gia ya juu iingie bila kubana klachi na bila kulegeza mkono wa mafuta. Maana yake inaishia hapo.

Linalopotosha ni jina. Kiingereza kina kiishio kimoja, -er ya "quickshifter", kinachotumika kwa mtu anayetenda na kwa chombo cha kutendea, kwa hiyo msikilizaji hawezi kujua kwa jina pekee kama kitu hiki ndicho kinachobadilisha gia au kinamsaidia tu anayebadilisha. Kiswahili aghalabu hutenganisha mawili hayo: mfagiaji ni mtu, kifagio ni chombo. Tunapotafsiri kwa kusema "kibadilishaji gia cha haraka", tunakipa kifaa kazi ya mtenda, ilhali mtenda ni mguu, na chombo chake, yaani kibadilishio, ni lile kanyagio lililokuwapo tangu pikipiki ilipotoka kiwandani. Fundi mmoja mzee ninayemheshimu hukiita "kikata moto", na sijapata jina linalokifaa zaidi, kwa sababu linataja kazi ambayo kifaa kinafanya kweli.

Ndani ya giaboksi ya pikipiki, gia zote huwa zimeshikana muda wote. Kinachofanyika mguu unapopandisha gia ni uma, kipande cha chuma chenye panda mbili, kuisogeza gia moja pembeni ili meno yake ya ubavuni yachomoke kwa jirani mmoja na kuingia kwa mwingine. Injini inapovuta, meno hayo hubanwa kwa nguvu kubwa kiasi kwamba uma hauwezi kuyachomoa. Klachi huondoa mzigo huo, na kulegeza mkono wa mafuta pia huuondoa, ndiyo maana dereva wa bodaboda mwenye Boxer anaweza kupandisha gia bila kugusa klachi, kwa kulegeza mkono tu. Kwikishifta inafanya ulegezaji uleule, ila kwa kasi ambayo mkono hauiwezi.

Otomatiki ni jambo jingine kabisa. Honda Super Cub, tangu 1958, haina mkono wa klachi, lakini gia zake hubadilishwa kwa mguu. Honda VFR1200F ya 2010 iliyokuja na klachi mbili ndiyo inayoweza kujichagulia gia yenyewe. Hata kushusha gia si kazi ya kila kwikishifta: Yamaha R1 ya 2015 ilikuwa nayo ya kupandisha tu, na ya kushusha ikaongezwa 2018, kwa kuwa kushusha kunahitaji resi, yaani mzunguko wa injini, ipandishwe kidogo, kazi ambayo kifaa cha kukata moto peke yake hakiiwezi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu tafsiri mbaya huharibu chuma. Mwaka jana nilishika mkononi gia iliyotolewa kwenye pikipiki ya spoti ambayo mwenyewe alikuwa akiligusa kanyagio kwa ncha ya kiatu, akiamini kifaa kitamalizia. Pembe za meno ya ubavuni, ambazo zinapaswa kuwa kali, zilikuwa zimelika kama kipande cha sabuni cha mwisho. Moto ulikuwa unakatwa na kurudi kabla gia haijaingia yote.

Ufungaji wenyewe nao unaeleweka mtu akijua kwamba sensa, sehemu ya kifaa inayohisi msukumo wa kanyagio, inasikiliza mguu. Kwanza inua kanyagio kwa mkono uone kama fimbo inayoliunganisha na giaboksi inasukumwa au inavutwa, maana sensa nyingi huhisi upande mmoja tu, kusukumwa au kuvutwa, na aliyegeuza mpangilio wa gia kuwa wa mashindano, ambao kanyagio hupandisha gia kwa kukanyagwa chini, amegeuza na upande huo. Urefu wa fimbo ubaki ulivyokuwa. Sensa isiwe nyepesi hadi moto ukatike kiatu kikipumzika tu, wala nzito hadi mguu ulazimike kupiga teke. Muda wa kukata ukiwa mfupi, gia hukataa au huangukia nyutro isiyo ya kweli, yaani katikati ya gia mbili bila kushika yoyote. Ukiwa mrefu, pikipiki huinamisha pua kana kwamba imefungwa breki. Gia ya 1 kwenda ya 2 kwa kawaida hutaka muda mrefu kidogo kuliko ya 5 kwenda ya 6. Mnyororo uliolegea urekebishwe kwanza, la sivyo utahangaika na namba za muda wa kukata bure.

Yule kijana nilimwambia, "Mdogo wangu, funga tu, ni kifaa kizuri, lakini usiseme kinakubadilishia gia. Sema kinakata moto wakati wewe unabadilisha, kisha panda na kanyagio mpaka mwisho."