Nyanya fupi kwenye ndoo: acha maji yapungue

Wanaoanza kupanda nyanya ndani ya nyumba kwa ndoo ya maji, bila pampu wala bomba, karibu wote huniuliza swali moja: nijaze maji kila baada ya siku ngapi? Jibu langu ni kwamba wasiharakishe kujaza. Maji yanapopungua ndani ya ndoo, mmea unapata nafasi ya kupumua. Ukilishika hilo, haidroponiki ya aina hii, yaani kupanda kwenye maji bila udongo, haitakusumbua. Usipolishika, hata mbolea ya bei ghali haitakuokoa.

Njia yenyewe inajulikana kwa jina la Bernard Kratky, mtaalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliyeielezea na kuifanyia majaribio kwa miaka mingi. Unachukua ndoo yenye kifuniko, unatoboa tundu kwenye kifuniko, unapachika kikombe chenye matundu kilichobeba mche, kisha unajaza maji yenye virutubisho mpaka yaguse kitako cha kikombe. Mizizi inashuka ndani ya maji, mmea unakunywa, na usawa wa maji unashuka. Kati ya maji na kifuniko hubaki uwazi wenye hewa ya unyevunyevu, na mizizi iliyobaki juu hapo hugeuka: hujaa vinyweleo na kazi yake inakuwa kuvuta oksijeni. Iliyozama inaendelea na kazi ya maji na chumvi.

Oksijeni husafiri ndani ya maji yaliyotulia polepole mno, takriban mara elfu kumi chini ya mwendo wake hewani. Tena maji yakipata joto hubeba oksijeni pungufu: kwenye nyuzi 20 lita moja hushika miligramu 9 hivi, kwenye nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu. Sasa mtu anakuja na jagi, anajaza ndoo mpaka juu akidhani anaufanyia mmea hisani. Mizizi yote ya hewa inazama kwa mkupuo, na haina uwezo wa kuigeuza kazi yake siku hiyohiyo. Kesho yake majani yananyauka ilhali ndoo imejaa pomoni. Siku chache baadaye mizizi inakuwa ya kahawia, inateleza na kunuka, kwa kuwa vimelea vya Pythium hustawi pale mizizi inapokosa hewa. Ukiongeza maji, basi, ongeza yafike robo au theluthi ya ndoo, uache sehemu ya juu wazi.

Hapo ndipo kimo cha nyanya kinapoingia. Nyanya ya kupanda juu kwenye kamba, kama Anna F1 inayopandwa sana kwenye vitalu nyumba, ikiwa imebeba matunda na jua ni kali inaweza kunywa zaidi ya lita mbili kwa siku. Ndoo ya lita 10 kwake ni ya siku chache tu, na utajikuta unajaza kila mara, yaani unafanya kile kile ambacho njia hii imekusudia kukuepusha. Tanya na Tengeru 97 ni fupi ukilinganisha na Anna, lakini zinabaki kuwa nyanya za shambani, sebuleni zitakushinda. Zinazofaa ni zile fupi za asili yake. Ninayoipenda zaidi ni Micro-Tom, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1989, ambayo ina vinasaba vya udumavu na vya kujikomesha kukua, hivyo husimama sentimita 15 hadi 20 tu. Watafiti wa mimea duniani kote huitumia maabarani kwa sababu hiyohiyo. Ladha yake ni ya kawaida, sitaisifia. Red Robin na Orange Hat ni tamu zaidi na bado hazizidi sana sentimita 30. Mbegu za aina hizi kwetu huagizwa nje, kwa hiyo ulizia utaratibu wa karantini ya mimea kabla hujalipia.

Kwa ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, kikwazo kikubwa ni usiku. Nyanya hushika matunda vizuri pale joto la usiku linapokuwa kati ya nyuzi 15 na 21 hivi. Likipanda juu ya hapo usiku baada ya usiku, chavua hudhoofika na maua hudondoka, hata mmea uwe umependeza vipi. Januari mpaka Machi usiku wa Dar es Salaam hukaa kwenye nyuzi 25 au karibu yake. Juni mpaka Agosti hushuka kwenye 19 au 20. Kwa kuwa Micro-Tom huanza kutoa maua wiki ya tano au ya sita tangu kupandwa mbegu, ukipanda mbegu mwishoni mwa Aprili maua yatakuja Juni, wakati kipupwe kinavuma. Wa Nairobi, Arusha na Mbeya hawana shida hii. Wao wakati mwingine huhangaika na baridi.

Mwanga nao watu huukadiria vibaya. Tunaishi karibu na ikweta, jua la saa sita liko utosini, kwa hiyo haliingii dirishani. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, la magharibi hupata la jioni, na kila hatua unayorudi nyuma kutoka kwenye kioo unapoteza mwanga mwingi kuliko macho yanavyokuambia. Mmea ukirefuka na kuinamia dirishani, hiyo ndiyo njaa yenyewe. Taa nyeupe ya LED ya wati 30, ikae sentimita 20 hadi 30 juu ya majani kwa saa 14, hula chini ya nusu uniti ya umeme kwa siku na hutosheleza miche miwili au mitatu. Usiiwashe usiku kucha. Nyanya inahitaji giza. Mwanga usiokatika huyafanya majani yake kupauka na kujikunja.

Ndoo iwe isiyopenyeza mwanga. Ikipenyeza, mwani utaota ndani na kugombea virutubisho na mmea. Ninaipaka rangi nyeusi kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake ili isipashe joto. Katika kikombe naweka usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Huo upatikane kwa uangalifu, maana makumbi yetu ya pwani mara nyingi huloweshwa baharini na usumba wake umejaa chumvi. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa mpaka ukionja maji yake usisikie chumvi. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo mitaa mingi ya Dar es Salaam inayo, hayafai kabisa. Maji ya mvua uliyoyakinga ni bora.

Na tafadhali, ziba kila upenyo. Maji yaliyotulia ndani ya nyumba ni mazalia ya mbu, na Aedes anayeeneza homa ya dengue hupenda sana vyombo vya namna hii. Zungushia kitambaa au sponji kwenye shingo ya mche, na tundu la kuongezea maji lifunikwe kwa wavu. Hili silifanyii mzaha hata kidogo.

Mbolea ya shambani haifai kwa ndoo. Urea hutegemea bakteria wa udongoni ili igeuke kuwa chakula cha mmea kwa kiwango cha kutosha, na ndani ya ndoo bakteria hao ni haba. Ninatumia, kwa lita 10: gramu 6 za mbolea ya haidroponiki ya 4-18-38 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye madini madogomadogo, gramu 3 za magnesiamu salfeti na gramu 6 za kalsiamu naitreti. Yeyusha kabisa zile mbili za kwanza kwenye maji mengi, ndipo umimine kalsiamu naitreti iliyoyeyushwa pembeni. Zikikutana zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, zinatuama kama chokaa, na mmea hauzipati tena. Miche michanga ipewe nusu ya kipimo. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 5.5 na 6.5. Kwenye joto mmea hunywa maji haraka kuliko chumvi, hivyo yanayobaki huzidi ukali. Kwa nyongeza, tumia maji matupu au mchanganyiko wa nusu kipimo.

Maua yakifunguka, kumbuka ndani hamna upepo wala nyuki. Ua la nyanya lina dume na jike pamoja, linachohitaji ni kutikiswa. Saa nne asubuhi, unyevu wa hewa ukiwa umepungua, gusa kikonyo cha kila kishada kwa mswaki wa umeme au ukipige kidogo kwa kidole. Fanya hivyo kila siku mpaka uone vitunda vya kijani.

Matunda yakioza kitako, usikimbilie kununua kalsiamu. Mara nyingi imo ndani ya maji, ila haifiki kwenye tunda kwa sababu maji yameachwa yakauke, chumvi imezidi, au mizizi imekosa hewa. Kagua mizizi kwanza. Mnyauko bakteria, ambao umewafilisi wengi shambani, hapa ni nadra kwa kuwa makazi yake ni udongo. Kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya) na inzi weupe wanaingia dirishani kama wageni wengine, kwa hiyo wavu wa dirisha unafaa kuwa wa matundu madogo kuliko wa mbu.

Nyanya za kwanza huiva kati ya siku 70 na 90 tangu kupanda mbegu. Micro-Tom si chotara na hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu zake hurudisha mmea uleule. Kamua tunda lililoiva sana, acha mbegu zichachuke na maji yake siku mbili mpaka ule ute utoke, zioshe, zianike kivulini juu ya sahani. Ndoo isuguliwe kwa maji yenye klorini na isuuzwe vizuri kabla ya kupanda tena, na mizizi ya zamani itupwe mbali.