Kiwewe cha Kujifungua kwa Mabinti: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Mama na mtoto wako salama, basi hapana kiwewe.

Ukweli: Faili la mama aliyejifungua halisemi yote. Mkunga huweza kuandika kwamba uzazi ulikuwa wa kawaida, ilhali binti wa miaka 16 anakumbuka kwamba alipimwa njia ya uzazi na watu asiowajua bila kuombwa ridhaa, kwamba alipolia aliambiwa anyamaze, na kwamba kuna wakati aliamini kabisa kuwa anakufa. Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, hupimwa kwa jinsi yeye mwenyewe alivyolipokea tukio. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mazungumzo yaanze na "Hebu nieleze ilivyokuwa," ndipo aulizwe kama alihofia uhai wake au wa mtoto. Na yafanyike faraghani, kwa kuwa mbele ya mzazi au mwenzi wake huenda akajibu kile wanachotaka kusikia. Ikiwa mimba ilitokana na kubakwa, kule kupimwa njia tu kwaweza kumwamshia kiwewe cha awali.

Dhana potofu: Akishapimwa sonona, inatosha.

Ukweli: Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, la kupima sonona baada ya kujifungua, lenye maswali 10, huuliza hali ya mama katika siku 7 zilizopita, nalo lina thamani kubwa, hasa swali lake la mwisho kuhusu kujidhuru, ambalo jibu lake likitia shaka lishughulikiwe siku hiyohiyo. Haliulizi, hata hivyo, kuhusu jinamizi la usiku wala kumbukumbu za leba zinazomvamia mchana. Kwa hayo kuna Kipimo cha City cha kiwewe cha kujifungua, kilichochapishwa mwaka 2018 kikiwa na vipengele 29 vinavyohusu kujifungua kwenyewe. Binti asiyesoma kwa wepesi asomewe taratibu, kwa maneno anayoyatumia.

Dhana potofu: Aliyenyamaza ameshasahau.

Ukweli: Kukwepa ni mojawapo ya dalili. Anayekacha kliniki au kugeuza mazungumzo kila leba inapotajwa atazamwe kwa makini zaidi, na asipimwe mara moja tu, kwani msongo wa baada ya kiwewe hauthibitishwi mpaka dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Hata hivyo, asishinikizwe kusimulia yote kwa kikao kimoja. Aelezwe tangu mwanzo kwamba anaweza kusita wakati wowote, na akisita, aachwe apumzike.