Famakojenetiki: kwa nini dawa ileile humfaa huyu na kumsumbua yule

Famakojenetiki ni elimu ya namna jeni tulizorithi zinavyoathiri utendaji wa dawa mwilini. Wagonjwa wawili wa uzito na umri sawa wanaweza kumeza kidonge kimoja kwa dozi moja, huyu akapata nafuu na yule akadhurika, na hakuna aliyekosea.

Mara nyingi chanzo kiko kwenye ini, ambako vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, huvunja dawa ili mwili uitoe. Jeni huchangia sana kuamua kimeng'enya kifanye kazi kwa kasi gani.

Chukua efavirenz, kidonge cha ARV ambacho wengi walikimeza usiku kabla ya kulala, kwa dozi ya miligramu 600. Kimeng'enya kinachokivunja huitwa CYP2B6. Barani Afrika, watu wengi wana aina ya jeni inayokifanya kiwe kizito, yaani kifanye kazi polepole. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia, dawa humjaa kwenye damu: kizunguzungu asubuhi, ndoto za kutisha, usingizi kupotea, wakati mwingine hata sonona. Inaniuma kuwa mtu wa namna hiyo akiacha dawa ni rahisi kuitwa mkaidi, ilhali dozi ilikuwa kubwa mno kwa mwili wake. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dolutegravir, ARV nyingine, iwe chaguo la kwanza.

Kodeini, dawa ya maumivu, ni kinyume chake. Yenyewe haina nguvu mpaka kimeng'enya CYP2D6 kiigeuze kuwa mofini. Kimeng'enya kikiwa kizito, maumivu hayatulii. Kikiwa na kasi mno, mofini huzidi na pumzi inaweza kukatika. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kabisa kwamba watoto chini ya miaka 12 wasipewe kodeini. Wenye kasi hiyo ni wengi Ethiopia kuliko sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo kusema tu "dozi ya Waafrika" hakutoshi.

Si yote ni ya ini. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, uko kwenye chembe hizo zenyewe, na huwapata zaidi wanaume. Umeenea palipo na malaria kwa sababu humpa mtu kinga kiasi. Lakini mwenye upungufu huo akinywa primakwini (dawa ya malaria) au dapsoni (dawa ya ukoma), chembe hizo zinaweza kupasuka, macho yakawa ya manjano na mkojo mweusi kama soda ya kola. Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Kipimo cha G6PD kipo, na huhitaji tone la damu ya kidole tu.