Sarafu za Kaizari Probus: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Mi nakusanya sarafu za Kaizari mmoja tu wa Roma, Probus, aliyetawala kuanzia mwaka 276 mpaka 282 askari wake wenyewe walipomuua kule Sirmium, mji ambao leo uko Serbia. Kila nikimfungulia mtu kisanduku changu nasikia yaleyale, na mengi sio kweli.

Kwanza bei. Mtu akisikia miaka 1,700 anadhani niliuza kiwanja ndo nikanunua. Hapana jamani, umri haupangi bei, kinachopanga ni uadimu na hali ya sarafu yenyewe, na Probus alikuwa na majeshi ya kulipa kila kona kwahiyo viwanda vyake vilipiga hela kwa wingi kwelikweli, Roma, Lugdunum ambayo ndo Lyon ya leo, Ticinum, Siscia, Serdica, Cyzicus na kwingineko. Ya kawaida yenye hali nzuri unaipata kwa dola kumi kadhaa tu. Za dhahabu ni habari nyingine, hizo sijawahi hata kuzishika.

Wengine wanaziita dinari. Naelewa, maana dinari yetu tumeitoa kwa Waarabu na asili yake ni denarius ya Waroma. Ila enzi za Probus denarius ilishapotea karibu kabisa mikononi mwa watu. Hizi ni antoniniani, jina zililopewa na wataalamu wa baadaye, na utazijua kwa taji la miale kichwani mwa Kaizari.

Afu kuna hili la "mbona sio fedha, umeuziwa shaba". Angalia chini kabisa upande wa nyuma, nyingi zina alama XXI, na zingine za Serdica zina KA ambayo ni 21 hiyohiyo kwa tarakimu za Kigiriki. Wataalamu wengi wanaisoma hivi: sehemu 20 za shaba kwa 1 ya fedha, yaani fedha kama asilimia 5 tu, mpango ulioanzishwa na Aurelian, Kaizari wa kabla yake, mwaka 274. Juu wakaipaka ngozi nyembamba ya fedha ili ing'ae ikitoka kiwandani. Kwahiyo ukikuta imebaki shaba tupu hujaibiwa, ni ile ngozi imeliwa na mikono na udongo.

Na hapo ndo linakuja kosa linaloniuma kuliko yote, kusafisha. Watu wanaona kitu cheusi au cha kijani wanakimbilia ndimu na majivu kama wanasugua sufuria. Mi mwenyewe niliwahi kuifanyia hivyo moja ya Siscia, ilikuwa na mabaki ya ile fedha kwenye shavu na kwenye ndevu, dakika 5 tu yote yakaondoka na hayarudi tena. Lile gamba la rangi limejengeka kwa karne nyingi, linailinda sarafu na linaonyesha herufi vizuri, ukilitoa umeua thamani na umeua uzuri. Maji safi yasiyo na chumvi na subira, basi, na udongo uliogoma mwachie anayejua.

Kwamba haijakaa duara sawasawa au maandishi yamekatika pembeni ndo ni feki? Hapana, zilipigwa kwa nyundo moja moja kwa mkono. Cha kuogopa ni vitundu vidogo vya hewa usoni na mstari unaozunguka ukingo, hizo ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Na karatasi ya muuzaji inayosema ni halisi, karatasi ni karatasi tu.

Ila swali ninalolipenda ni hili, "za mtu mmoja si zote zinafanana?" Kaeni hapa. Kuna Probus mwenye kofia ya chuma, mkuki na ngao, kuna Probus kwenye vazi la konsuli, cheo kikubwa cha serikali ya Roma, ameshika fimbo yenye tai, kuna Sol, mungu jua, kwenye gari la farasi wanne na maandishi SOLI INVICTO, yaani kwa Jua lisiloshindwa, kuna hekalu la mungu wa kike Roma. Serdica wakathubutu kumwandika DEO ET DOMINO, mungu na bwana, akiwa bado hai!

Na Ticinum, Pavia ya leo, kuna kitu kilichonifanya nisihamie kwa Kaizari mwingine. Kiwanda kilikuwa na karakana 6, na kwenye toleo moja kila karakana ikaweka herufi yake moja katikati ya sarafu, E, Q, V, I, T, I, ukizipanga zinasomeka EQVITI, neno linalogusa wapanda farasi wa jeshi, na maana yake wataalamu wanabishana mpaka leo. Yaani aliyekuwa na sarafu moja mfukoni asingejua kuna neno, lazima uwe nazo zote mezani. Mi ninazo tano, imebaki V.