Bati Hujirudi: dhana potofu kuhusu wanasayansi wa kufinyanga metali na kamati yao

Chukua waya mpya wa shaba, urefu wa kiganja, uukunje katikati kwa vidole. Utakubali bila taabu. Sasa jaribu kuunyoosha urudi ulivyokuwa. Pale ulipokunjika pamekaza. Waya utapinda pembeni mwa pale na kubaki na kigongo ambacho vidole peke yake haviwezi kukitoa. Karibu kila mtu niliyemwonyesha jambo hili alikuwa akiamini kinyume chake, kwamba metali ikikunjwa hulegea. Kinachopungua ni uwezo wake wa kukunjwa tena, na ukirudia mara nyingi itakatika. Lakini ugumu wake umeongezeka, na vidole vyako ni mashahidi.

Wapo watu wanaolifanyia kazi jambo hili maisha yao yote, na wana kamati yao. Ninayoizungumzia hapa ni ya taasisi ya kimataifa ya uhandisi wa uzalishaji, CIRP, iliyoanzishwa Paris mwaka 1951. Kamati zake za kisayansi na kiufundi hutambulika kwa herufi: C ni ya kukata, G ni ya kusaga na kunoa, F ni ya kufinyanga. Kufinyanga hapa ni kufua, kubonyeza bati kwenye kalibu, kukunja, kuvuta waya, kupitisha bamba katikati ya rola, yaani kila njia ya kuipa metali umbo bila kuichonga wala kuiyeyusha.

Dhana: chuma kimefuliwa tangu enzi za mababu, hakuna kilichobaki cha kuchunguza

Mhunzi alijua kwa mkono wake kwamba chuma kikigongwa hukaza na kikirudishwa motoni hulainika. Sababu yake ilichelewa sana kujulikana. Ni mwaka 1934 tu ambapo wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kuwa fuwele za metali, yaani chembe zake ambazo atomi zimejipanga kwa safu, zina kasoro katika mpangilio wa atomi, na kwamba metali hubadili umbo kwa kasoro hizo kutembea. Fikiria busati zito la msikitini. Ukilivuta zima halisogei, lakini ukilifanyia kikunjo upande mmoja na kukisukuma hadi upande wa pili, busati limesogea. Ndani ya ule waya wa shaba vikunjo vya namna hiyo viliongezeka hadi vikaanza kuzuiana njia, ndiyo maana ukakaza. Elimu ya msingi wa jambo hili haijatimiza hata miaka mia moja.

Kisha kuna suala la bati kujirudi, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Simama karibu na fundi wa masanduku ya shule pale Kamukunji, Nairobi. Akitaka kona ya nyuzi 90, halikunji bati hadi 90. Hulipitisha kidogo, analiachia, nalo linarudi na kutulia pale alipotaka. Hicho "kidogo" kimo mkononi mwake, na hakuna aliyemwandikia.

Sasa mbadilishie bati la chuma umpe la alumini lenye nguvu ileile. Litajirudi kama mara tatu zaidi, kwa sababu ukakamavu wa chuma, yaani uwezo wake wa kukataa kunyumbulika, ni kama gigapaskali 210 na wa alumini ni kama 70 tu. Mpe chuma cha kisasa chenye nguvu nyingi, kile kinachotumika kupunguza uzito wa magari, nacho kitajirudi kuliko kile alichokizoea. Fundi wa sanduku ataharibu mabati mawili matatu, kisha mkono utazoea. Kiwanda hakina nafasi hiyo. Kalibu ya mlango wa gari huchongwa kwenye chuma kigumu kwa gharama kubwa kabla bati la kwanza halijaguswa, na mlango una mikunjo mingi inayovutana. "Kidogo" lazima kiwe namba mapema.

Dhana: kamati kama hiyo hutunga viwango na kutoa vibali

Hapana. Viwango vya kimataifa ni kazi ya ISO, shirika la kimataifa la viwango. Mfano ni kipimo cha Erichsen, cha kujua bati linavutika kiasi gani kabla ya kupasuka: bati hubanwa kwenye pete, kisha kichwa cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 20 hulisukuma polepole kutoka chini, bati linavimba kama kikombe kilichopinduliwa, na pindi ufa unapotokea unasoma kina kwa milimita. Kila maabara hufanya vilevile kwa sababu ISO imeandika hivyo.

Kamati ya F haina mamlaka ya kumwamuru mtu. Huhakiki makala, huchagua mada inayohitaji mapitio makubwa, na hutafuta waandishi kutoka nchi mbalimbali waiandike pamoja. Wanachama hukutana Paris majira ya baridi, kisha kila Agosti katika nchi inayobadilika. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Afrika Kusini, mjini Cape Town.

Dhana: makala ikishahakikiwa, kilichomo ni kweli

Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie, maana dhana hii inawadhuru hata wanafunzi wa uhandisi. Mhakiki husoma, hukagua hoja na hesabu, huuliza maswali. Hakulikunja bati lile yeye mwenyewe. Ili kujua kama namba zinasimama, lazima watu wengine walikunje tena, kwingine, kwa mashine nyingine.

Watafiti wa kufinyanga bati walifanya hivyo hasa mwaka 1993, katika NUMISHEET, mkutano wa wanaokokotoa ufinyanzi wa bati kwa kompyuta, huko Japani. Washiriki walipewa kazi moja inayofanana. Chukua ukanda wa bati wenye urefu wa milimita 350 na upana wa 35, uuvute ndani ya kalibu hadi kina cha milimita 70 upate umbo la herufi U, uuachie, kisha upime kuta zake zimefunguka kiasi gani na zimejipinda kiasi gani. Walitumia chuma laini, chuma chenye nguvu zaidi, na alumini. Wengine walilikunja bati kweli, wengine walikokotoa kwa kompyuta.

Majibu yalitofautiana sana. Kwamba kompyuta hazikukubaliana, hilo lilitarajiwa. Kilichofunza zaidi ni kwamba hata vipimo vya mabati halisi vilipishana. Mafuta yakizidi kidogo msuguano hubadilika, kibanio kinachoshika kingo za bati kikikaza zaidi ukuta hunyooka zaidi, na bati likiwa limetoka kwenye rola tofauti tabia yake si ileile. Kwangu huo ulikuwa ushindi. Kabla ya hapo kila mmoja aliweza kudai kwamba hesabu yake inalingana na jaribio lake. Baada ya hapo ilibidi aseme msuguano ulikuwa kiasi gani na alijuaje. Ukanda ule wa U bado unatumika kujaribia programu mpya.

Kwa sababu hiyo simwamini mtu anayesema siku hizi kompyuta imemaliza kila kitu. Programu hukokotoa tabia ya metali uliyoielezea. Ukiieleza vibaya, itakukokotolea vibaya kwa usahihi mkubwa.

Dhana: kazi ya moto ni ile inayounguza, ya baridi ni ile inayoshikika

Mpaka hupimwa kwa metali yenyewe: je, fuwele zake hujipanga upya zinapofinywa, au hubaki zimekaza? Risasi, ile metali laini na nzito, hujipanga upya hata katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo kuigonga risasi mezani ni kufinyanga kwa moto. Tungsteni huhitaji kama nyuzi 1200 za Selsiasi. Ukiifinyanga kwenye nyuzi 1000, ikiwaka nyekundu mbele ya macho yako, bado unafinyanga kwa baridi.

Dhana: ni mambo ya viwanda vya magari vya ng'ambo, hayatuhusu

Mwaka 2010 kundi la waandishi wa nchi kadhaa liliandika, chini ya CIRP, mapitio ya vilainishi vya kufinyangia metali visivyodhuru mazingira. Aliyewahi kuosha mikono iliyoloa mafuta ya presi siku nzima hahitaji kuelezwa kwa nini hilo ni suala lake.

Kuna pia upotevu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikokotoa kwamba kama asilimia 26 ya chuma chote kinachoyeyushwa duniani, na asilimia 41 ya alumini, haifiki kamwe ndani ya kitu kinachotumika. Huishia kuwa mabaki njiani, mengi yakiwa yamekatwa pembeni mwa bati, kisha hurudishwa kuyeyushwa kwa moto mwingine na gharama nyingine.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya karakanani. Kata duara la sufuria kutoka bati la mraba linalolitosha sawasawa, na zile pembe nne zinazobaki ni zaidi ya moja ya tano ya bati lote. Lakini kwenye bati kubwa, ukiipanga miduara kwa kupishana kama sega la nyuki badala ya safu zilizonyooka, kinachobaki kati yake hushuka hadi karibu asilimia 9. Ni bati lilelile, mkasi uleule, sufuria zilezile. Tofauti yake kwa sasa huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, kwa bei ndogo kuliko ile fundi aliyolinunulia bati lenyewe.