Samaki wa kufugwa katika masoko ya Kigoma: majibu kwa maswali ya wananchi

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, samaki wa mabwawani na wa vizimba, yaani vyumba vya nyavu vinavyowekwa ziwani, wamezidi kuonekana Mwanga, Ujiji na hadi Kasulu. Samaki walivyoongezeka, na maneno yakaongezeka. Katika ofisi yetu ya uvuvi tunapokea simu za kila namna. Kuna anayeuliza kama ni kweli sato wa bwawani wanakuzwa kwa vidonge vya majira. Mwingine ameambiwa kambale wa kufugwa anapunguza nguvu za kiume. Mama lishe mmoja ameacha kabisa kuwanunua kwa sababu wateja wanauliza kwanza, "Huyu wa ziwani au wa kufugwa?" na wakisikia wa kufugwa wanaagiza maharage. Anayeuliza anajali afya ya watoto wake na ana haki ya kujibiwa, kwa hiyo tunajibu.

Tuanze na homoni, maana hapo upo ukweli mdogo uliozaa uongo mwingi. Sato dume hukua haraka kuliko jike, na madume na majike wakiachwa pamoja bwawani huzaliana hadi bwawa linajaa samaki wadogo wasiouzika. Ndiyo maana baadhi ya vituo vya kuzalisha vifaranga huwapa vifaranga wenye urefu wa takriban sentimita moja chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume kwa siku 21 hadi 28. Baada ya hapo hawapewi tena. Mwili wa samaki huiondoa homoni hiyo katika siku au wiki chache, na samaki huyo anavunwa baada ya miezi sita au zaidi, akiwa ameongezeka uzito mara maelfu. Siku anapofika sokoni, vipimo havimtofautishi na samaki ambaye hakupewa kabisa. Kambale hapewi homoni ya kubadili jinsia. Anayechomwa sindano ni mama wa kuzalishia, ili atage mayai, na huyo haletwi sokoni.

Habari ya vidonge vya majira tunaomba iishe. Vidonge hivyo vina homoni za kike. Mfugaji akimlisha sato homoni za kike atapata majike, yaani kinyume kabisa cha anachokitafuta, tena kwa gharama yake mwenyewe. Hakuna mfugaji mwenye akili timamu anayefanya hivyo, na tumelieleza jambo hili mara nyingi mno.

Mwenye sababu ya kujihadhari na homoni ni mfanyakazi wa kituo cha vifaranga anayechanganya chakula hicho kwa mikono mitupu, na jirani anayechota maji yanayotoka kwenye matangi yale. Kwa hiyo tukikagua kituo tunaangalia glavu na barakoa, tunauliza homoni imehifadhiwa wapi na nani ana ufunguo, tunasoma daftari la matumizi, kisha tunafuata maji ya matangi yanapoishia. Yakiingia moja kwa moja mtoni, kituo kinapewa maelekezo kwa maandishi.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wananchi hawatuulizi, nalo ni dawa. Samaki wakisongamana katika bwawa au kizimba huugua, na mfugaji aliyetia mtaji wake hukimbilia duka la dawa za mifugo. Dawa za antibayotiki zinazoruhusiwa zina siku za kusubiri, kipindi ambacho samaki havunwi hadi dawa imtoke mwilini. Marekani, kwa mfano, huweka siku 21 kwa kambale aliyepewa oksitetrasaikilini. Viwango vya kimataifa vya chakula vinakubali masalia ya dawa hiyo yasiyozidi mikrogramu 200 katika kilo moja ya nyama ya samaki. Mfugaji anayetia dawa Jumatatu na kuvuna Ijumaa kwa sababu mteja wa harusi amefika anamlisha mwenzake dawa bila kumwambia. Madhara yake makubwa hayaonekani siku ileile. Vimelea vinazoea dawa, na siku mtoto anapougua kweli, dawa ile haimsaidii.

Zipo dawa ambazo hazina siku za kusubiri kwa sababu hazitakiwi kabisa kwa mnyama anayeliwa. Kloramfeniko ni mojawapo: kwa watu wachache inaweza kuufanya uboho ushindwe kutengeneza damu, na wataalamu wa kimataifa hawakuweza kuweka kiwango kilicho salama. Nitrofurani nazo zimo katika kundi hilo. Nyingine ni malakaiti grini, rangi ya kijani inayotumiwa kuua ukungu kwenye mayai ya samaki, ambayo masalia yake hukaa muda mrefu kwenye mafuta ya samaki na inashukiwa kusababisha saratani. Mfugaji akiuziwa unga wa kijani usio na lebo na kuambiwa ni "dawa ya fangasi", asiuweke majini. Autunze ulivyo na auletee ofisi ya uvuvi.

Wengine wanakerwa kusikia kwamba mabwawa yanawekwa samadi. Yanawekwa, ni kweli. Samadi hurutubisha maji, mwani unaota, na sato anakula mwani. Mchicha tunaokula kila siku nao umeoteshwa kwa samadi. Tahadhari iliyopo ni ya bakteria, hasa salmonela, wanaokaa kwenye utumbo na juu ya ngozi. Mfugaji tunamshauri aache kuweka samadi wiki mbili kabla ya kuvuna. Mpishi atoe utumbo bila kuupasua, aoshe kisu na ubao kabla ya kukatia kachumbari, na apike samaki hadi nyama iachie mfupa. Minyoo ya njano inayoonekana mara nyingine chini ya ngozi ya ngege au sato, awe wa kufugwa au wa ziwani, nayo hufa kwa kupikwa vizuri. Harufu ya tope haitokani na dawa. Inaletwa na mwani na bakteria wa maji yaliyotuama, haina sumu, na samaki akiwekwa siku chache kwenye maji safi yanayotembea bila chakula, inaisha.

Chakula cha samaki kinahitaji macho. Wafugaji wetu wengi huchanganya pumba za mahindi, mashudu na dagaa waliovunjika. Pumba zilizoota ukungu zina sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini la samaki na kumdumaza, na wa kwanza kupata hasara ni mfugaji mwenyewe. Kiasi kinachofika kwenye nyama kwa kawaida ni kidogo, lakini hatumruhusu mtu atumie pumba mbovu kwa kisingizio hicho. Nyumbani pia, mahindi yaliyoota ukungu yasiende mashineni. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi.

Bwawa linachimbwa wapi? Hilo ndilo swali tungependa kulisikia. Bwawa lililo chini ya shamba la tumbaku, kama yale ya kwa jirani zetu wa Urambo na Kaliua, hupokea viuatilifu kila mvua inaponyesha. Huku kwetu tunaangalia pia maji machafu ya viwanda vidogo vya mawese. Mtu asichimbe kwanza halafu atuite. Matumizi ya maji ya mto yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kizimba ziwani kinahitaji pia taratibu za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na aina ya samaki lazima ijulikane mapema, kwa sababu sato wa kutoka kwingine akitoroka kwenye kizimba atagombea chakula na mazalia na ngege wetu wa asili.

Sasa tuseme wazi kuhusu imani kwamba wa ziwani ni salama kwa sababu tu ni wa ziwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa sangara wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu kuvua. Wale walikuwa samaki wa ziwani. Zebaki nayo hujikusanya zaidi katika samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao na walioishi miaka mingi. Sato anayekula mwani na pumba, akavunwa kabla hajatimiza mwaka, ana zebaki kidogo sana, na mama mjamzito anaweza kumla bila wasiwasi huo.

Asilimia kubwa ya malalamiko ya kuumwa tumbo tunayofuatilia yanaishia kwenye joto, na hapo samaki wa kufugwa na mgebuka wa ziwani wa Kibirizi hawatofautiani. Samaki aliyekaa kwenye beseni juani tangu asubuhi, akimwagiwa maji mara kwa mara ili ang'ae, ni samaki anayeoza. Katika joto letu, kilo moja ya samaki inahitaji kilo moja ya barafu, na barafu itengenezwe kwa maji safi. Mnunuzi amwangalie macho: yawe yamejaa, yasiwe yamezama. Afunue mashavu aone wekundu. Abonyeze nyama, na shimo likibaki, aache. Amuulize muuzaji amevunwa lini na ametoka bwawa la nani. Muuzaji wa samaki wa kufugwa ana uwezo wa kujibu swali hilo kwa jina na kijiji, na asiyejibu asipewe pesa.

Mwenye malalamiko afuate utaratibu, kwa sababu picha ya WhatsApp haipimwi maabara. Asimtupe samaki aliyebaki. Amfunge kwenye mfuko safi, amweke kwenye barafu, aandike tarehe, saa, jina la soko na meza aliyonunua, na idadi ya waliokula na walioumwa. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya kwanza. Kisha ataarifiwe afisa uvuvi au afisa afya wa kata. Afisa atakwenda kwa muuzaji akiwa na kitambulisho, atachukua sampuli mbele yake, ataifunga kwa lakiri, na pande zote mbili zitasaini fomu. Muuzaji abaki na nakala. Vipimo vya ubora wa samaki hufanyika katika maabara ya taifa iliyoko Nyegezi, Mwanza. Kipimo cha bakteria huchukua siku kadhaa kwa sababu lazima waoteshwe kwanza, kwa hiyo kutupigia simu kesho yake na kudai majibu yamefichwa hakusaidii. Samaki waliofikishwa bila barafu, au mfuko ambao lakiri yake imekatwa, hawatapimwa, na shauri haliwezi kusimama.

Kwa upande wa adhabu, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009 zinampa mkaguzi mamlaka ya kuzuia samaki na kufikisha shauri mahakamani. Kosa linaweza kufifilishwa, yaani kumalizwa bila kufikishwa mahakamani, pale mtuhumiwa anapokiri kwa maandishi na kulipa, lakini kulipa hakurudishi samaki. Wakithibitika kuwa hawafai kuliwa huteketezwa, na gharama ni za mwenye mali. Anayesafirisha samaki awe na kibali cha kusafirishia. Stakabadhi ya ushuru wa soko siyo kibali, hata kama ina mhuri, na madereva wa Noah wanaotubishia hilo kwenye vizuizi wanawachelewesha abiria wao bure.

Mfugaji aliyeweka dawa yoyote kwenye bwawa au kizimba katika mwezi huu aahirishe kuvuna, afike ofisi ya uvuvi ya halmashauri yake akiwa na chupa au pakiti ya dawa hiyo na tarehe aliyoitumia. Atapewa tarehe ya kuvuna kwa maandishi, bila malipo.