Kipimo cha kupuliza: mapafu yameharibika kiasi gani?

Nimeshapigwa eksirei. Mbona bado natakiwa kupuliza mashine?

Eksirei inaonyesha umbo la mapafu, lakini haisemi hewa inatoka kwa kasi gani. Katika magonjwa ya kuziba njia za hewa, yaani pumu na ule ugonjwa sugu wa mapafu unaoitwa COPD, kazi ngumu ni kuitoa hewa. Picha inaweza kuwa safi huku mirija imebana. Inaniuma kuona mtu anakohoa miezi na miezi, anabadilishiwa dawa za kikohozi, na hajawahi kupuliza hata mara moja.

Kipimo chenyewe kikoje?

Kinaitwa spirometri. Unakaa wima, pua inabanwa kwa kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kijae, unaubana mrija wa mashine kwa midomo, kisha unapuliza ghafla kwa nguvu zako zote. Usiachie. Endelea kusukuma hadi hewa iishe, na mara nyingi hilo huchukua sekunde 6 au zaidi. Mpimaji atapaza sauti, "Endelea, endelea, endelea!" Hakufokei. Anajua kwamba ukikatisha njiani namba zitadanganya. Utarudia angalau mara tatu, na mipulizo inapaswa kukaribiana.

Namba za kwenye majibu zina maana gani?

Tazama mbili. FVC ni hewa yote uliyotoa. FEV1 ni ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Tuseme umetoa lita 3, na kati ya hizo lita 1.5 tu ndizo zilizotoka sekunde ya kwanza. Hiyo ni nusu, 0.50, na ndiyo uwiano wa FEV1 kwa FVC. Ukiwa chini ya 0.70 hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua mirija, njia zimeziba. Kwa wazee uwiano hushuka kidogo kwa umri tu, kwa hiyo daktari hasomi namba hiyo peke yake.

Baada ya hapo ndipo ukubwa wa tatizo hupimwa: FEV1 yako inalinganishwa na ya mtu mzima wa afya mwenye umri, kimo na jinsia kama yako. Kwa COPD, asilimia 80 na kuendelea ni hatua nyepesi, 50 hadi 79 ya kati, 30 hadi 49 kali, na chini ya 30 kali sana.

Kwa nini napewa dawa halafu napuliza tena?

Namba zikipanda sana baada ya dakika 15 hivi, pumu inashukiwa zaidi. Ila mwenye pumu akipimwa siku aliyo mzima, majibu yanaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Kinaonyesha uharibifu wote?

Hapana. Vifuko vya hewa vikiwa vimelika, huhitajika kipimo kingine: unavuta gesi maalumu kidogo, unabana pumzi sekunde 10, kisha wanaangalia ni kiasi gani kimeingia kwenye damu.

Nani asubiri kwanza?

Aliyepata shambulio la moyo au kufanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, na anayekohoa damu. Anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu achunguzwe makohozi kwanza.

Nikiacha sigara, namba zitarudi?

Kilichopotea kwa COPD kwa kawaida hakirudi, ila kasi ya kushuka hupungua, na hiyo ni miaka ya kutembea bila kuhema. Itunze karatasi ya leo. Kipimo kijacho kitalinganishwa nayo.